Picha mbili, pembe nne: kisa cha binti wa miaka 12 na mgongo uliopimwa na kompyuta

Faili liliponifikia lilikuwa na picha mbili za eksirei, ripoti moja iliyochapwa na programu ya kompyuta, na mama ambaye alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja chake cha Chanika. Ripoti ilisema mpindo wa uti wa mgongo wa binti yake ni nyuzi 31.2. Miezi saba kabla yake ulikuwa nyuzi 21. Chini paliandikwa mstari mmoja tu: ongezeko la nyuzi 10. Ukoo ulikuwa umekwisha kaa kikao, na neno lililotoka kikaoni lilikuwa upasuaji India.

Kazi yangu ni kusoma picha za mionzi. Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya familia, bila majina ya watu wala ya vituo, kwa ajili ya madaktari wenzangu, wataalamu wa eksirei na wazazi wanaokabidhiwa namba bila maelezo.

Binti ana miaka 12, anasoma darasa la sita Temeke, na aliyeliona tatizo kabla ya wote ni fundi cherehani wa Tandika. Alikuwa akimjaribisha sketi ya shule. Pindo alilolikata sawasawa likawa linapanda upande mmoja kila mtoto anaposimama wima. Fundi akalifumua, akalishona upya, hali ikabaki ile ile. Ndipo alipoiacha sketi akamtazama mtoto: bega la kulia liko juu, kiuno kimeingia ndani upande mmoja na upande wa pili kimenyooka. Akamwambia mama mtu, "Dada, sketi haina kosa. Huyu mtoto mpelekeni akaangaliwe mgongo." Jicho lile lilikuwa kipimo cha kwanza katika kisa hiki, na lilipima sawa.

Kituo cha kwanza kilimpiga picha mwezi Novemba. Alilazwa chali mezani, ikapigwa filamu ya kifua na sehemu ya juu ya tumbo. Daktari aliyempokea aliitundika filamu kwenye kisanduku cha mwanga, akachora mistari kwa penseli na rula, akapima kwa protrakta: nyuzi 21, kutoka T6 hadi T12. T ni pingili za kifua, ambazo ni 12. L ni za kiuno, ambazo kwa kawaida ni 5. Alichora vizuri. Nimeipima filamu ile mwenyewe nikapata namba hiyo hiyo. Akamwambia mama kwamba mpindo ni mdogo, arudi akiona umeongezeka.

Mama hakurudi kwa sababu hakuona kitu. Mzazi anayemwona mtoto kila asubuhi akivaa sare hawezi kuuona mgongo ukipinda kidogo kidogo, na si haki kumpa kazi hiyo. Aliyeshtuka ni shangazi mtu, aliyekuja kutoka Morogoro mwezi Juni baada ya kutomwona mtoto kwa karibu mwaka mzima. Wakaenda kituo kingine, chenye mashine ya kidijitali na programu inayopima yenyewe. Huko mtoto alisimamishwa, akapigwa picha mbili, ya juu na ya chini, kompyuta ikaziunganisha kuwa moja ndefu, na programu ikatoa jibu lake: 31.2, kutoka T5 hadi L1. Ilikuwa saa kumi jioni; saa imeandikwa pembeni mwa picha, na baadaye itatuhusu.

Jinsi pembe inavyotafutwa

Njia ya kupima mpindo huu ilielezwa mwaka 1948 na John Robert Cobb, daktari wa mifupa wa New York, na mpaka leo ndiyo lugha ya pamoja ya wote wanaotibu mgongo. Unatafuta pingili iliyoinama zaidi upande wa juu wa mpindo na kuchora mstari unaofuata uso wake wa juu. Unatafuta iliyoinama zaidi upande wa chini na kuchora mstari unaofuata uso wake wa chini. Pembe kati ya mistari hiyo miwili ndiyo pembe ya Cobb. Ikiwa chini ya nyuzi 10 haihesabiwi kuwa skoliosisi, yaani kupinda kwa uti wa mgongo kwenda upande. Mtoto ambaye bado ana ukuaji mwingi mbele yake, akiwa kati ya nyuzi 25 na 40, huzungumzwa habari ya breisi, yaani gamba la plastiki linaloushika mwili. Mpindo ukifika nyuzi 45 hadi 50, mazungumzo huhamia kwenye upasuaji. Kwa hiyo nyuzi chache huku au kule zinaweza kumhamisha mtoto kutoka chumba kimoja cha matibabu kwenda kingine.

Binadamu huchora mistari kwenye pingili mbili alizozichagua kwa jicho. Programu ya aina iliyotumika hapa hufanya kazi nyingi zaidi: hutafuta pingili zote 17, za kifua na za kiuno, na kuweka nukta nne kwenye kila moja, moja kwa kila kona yake. Hizo ni nukta 68. Kutokana nazo hukokotoa mwinamo wa kila pingili, kisha huchagua zile mbili zinazotoa pembe kubwa kuliko zote. Hujifunza kazi hiyo kwa kuonyeshwa picha ambazo binadamu wamekwisha ziwekea nukta. Mwaka 2019, kwenye MICCAI, mkutano wa kimataifa wa kompyuta na picha za tiba, uliofanyika Shenzhen, China, yalifanyika mashindano ya wazi ya kupima mpindo kwa njia hii, na washiriki walipewa picha 609 zilizowekewa nukta ili kufundishia programu zao.

Nazipenda programu hizi, na nalisema hilo kabla sijaeleza kilichotokea. Haichoki saa tisa alasiri. Ukiipa picha ile ile mara kumi, itakupa jibu lile lile mara kumi, jambo ambalo mimi siwezi. Madaktari wawili wazoefu wakipima filamu moja wanaweza kutofautiana kwa nyuzi 5, na hata zaidi kila mmoja akijichagulia pingili zake. Ndiyo maana katika fani hii mabadiliko hayahesabiwi kuwa ya kweli mpaka yapite nyuzi 5. Programu hupunguza tofauti hizo.

Lakini ni nyepesi kuyumba kuliko namba yake inavyoonyesha. Pingili ya kiuno ya mtoto wa umri huu ina upana wa kama milimita 34. Nukta moja ikikosea milimita 1 kwenda juu au chini, mstari mzima unageuka kwa karibu nyuzi 1.7. Ikikosea milimita 3, ni nyuzi 5. Ile ".2" iliyokuwa mwishoni mwa 31.2 ilimpa mama picha ya kipimo chenye uhakika wa sehemu ya kumi ya nyuzi. Kipimo cha namna hiyo hakipo popote duniani, si kwa mkono wala kwa mashine.

Nyuzi kumi zilitoka wapi

Ripoti iliyochapwa haikuwa na picha yenye mistari. Ilikuwa na namba tu. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoomba: picha ikionyesha nukta zilipowekwa, pamoja na zile picha mbili za awali kabla hazijaunganishwa. Kituo kilizitoa bila ubishi, na nawashukuru. Ripoti ya pembe bila picha ya mistari haikaguliki, na kisichokaguliwa hakifai kumfanya mtu auze ardhi.

Niliona mambo mawili.

Juu, programu ilichagua T5 pale ambapo daktari wa Novemba alichagua T6. Si kosa. Kwenye picha ya Juni T5 imeinama nyuzi 14 na T6 nyuzi 13, kwa hiyo programu ilifuata kanuni ya Cobb sawasawa. Ila huwezi kutoa namba ya T6 kutoka kwenye namba ya T5 na kuita tofauti yake ongezeko. Nyuzi 1 katika zile 10 ilitoka hapo.

Chini ndiko kulikokuwa na jambo zito. Mahali picha ya juu ilipounganishwa na ya chini, mshono ulipita katikati ya uso wa chini wa L1. Kwa kuwa pingili hiyo imeinama, ncha yake moja iliangukia kwenye picha ya juu na ncha ya pili kwenye picha ya chini. Mtoto naye, kama watoto wote, alisogea kidogo kati ya picha na picha. Labda alishusha pumzi, labda alibadilisha mguu wa kuegemea. Picha ya chini ikaunganishwa ikiwa imeshuka kwa milimita 3. Mwinamo halisi wa uso ule, nikiupima kwenye picha ya chini peke yake ambako unaonekana wote, ni nyuzi 12. Mwinamo ambao programu iliuona, ikichukua ncha moja huku na nyingine kule, ni nyuzi 17. Kumi na nne za T5 jumlisha kumi na saba ndizo zilizozaa 31.

Ukiirudisha L1 kwenye mwinamo wake wa kweli, inaacha kuwa pingili iliyoinama zaidi. Nafasi hiyo inachukuliwa na T12, yenye nyuzi 13. Pembe sahihi ya picha ya Juni ni T5 hadi T12, nyuzi 27. Na kwa pingili zile zile za Novemba, T6 hadi T12, ni nyuzi 26.

Sikuona sababu ya kuilaumu programu. Haikuambiwa kwamba picha ina mshono. Iliona ukingo mweusi na mweupe, ikaweka nukta zake penye ukingo, kama ilivyofundishwa. Mshono wenyewe ungeweza kukwepwa kwa kuziacha picha mbili zipishane kwa eneo kubwa zaidi na kuunganishia chini ya mpindo, tuseme usawa wa L3, mahali ambapo hata ukikosea milimita chache pembe haiguswi. Hili lilihitaji mtu wa eksirei anayejua kwamba picha yake inakwenda kupimwa pembe, kwa sababu picha inayotosha kusoma mfupa uliovunjika inaweza isitoshe kupima mgongo.

Zimebaki nyuzi 5 kati ya 21 na 26. Hizo ndizo zilizonisumbua zaidi, maana zina maelezo matatu na picha hizi mbili haziwezi kutuambia lipi ni la kweli. Mpindo wa mgongo hupungua mtu akilala, kwa sababu uzito wa kichwa na kifua hauushindilii tena. Nyuzi 5 hadi 10 hupotea kwa urahisi, na wakati mwingine zaidi. Mpindo pia huwa mkubwa kidogo jioni kuliko asubuhi, baada ya mwili kusimama kutwa. Na mpindo wenyewe unaweza kuwa umeongezeka. Picha ya mtoto aliyelala na picha ya mtoto aliyesimama saa kumi jioni hazilinganishiki, hata ukizipima kwa kifaa gani. Swali la familia, "umeongezeka au haukuongezeka?", halikuwa na jibu katika faili lile.

Picha iliyopita kwenye simu

Kabla ya kuja kwangu, mjomba wa binti, kijana anayefanya kazi na kompyuta Kariakoo, alijaribu kusaidia. Aliishika filamu ya Novemba dirishani, akaipiga picha kwa simu, akaituma kwa WhatsApp, kisha akaipakia kwenye programu moja ya bure ya mtandaoni. Ilimpa nyuzi 19. Ndipo kikao cha ukoo kilipopamba moto: ikiwa mwanzo ilikuwa 19 na sasa ni 31, basi mtoto anapinda mbele ya macho yetu.

Picha ikikuzwa au ikipunguzwa sawasawa pande zote, pembe haibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo wengi hudhani picha ya simu haina tatizo. Tatizo ni simu kuinamishwa. Ukiishika ikiwa imelala kidogo, urefu wa picha unajibana kuliko upana wake. Urefu ukipungua kwa sehemu ya kumi tu, mpindo wa nyuzi 21 unasomeka kama nyuzi 19. Ukiinamisha simu kwa upande, upana ndio unaobanwa, na nyuzi 21 zile zile zinakuwa zaidi ya 23. Nilimwonyesha mjomba hesabu hiyo kwenye karatasi, akaielewa upesi kuliko wanafunzi wengi.

Nilimwambia pia jambo la pili. Filamu ile ina jina kamili la mtoto, umri na namba ya faili kwenye kona, na hakuna ajuaye sasa imehifadhiwa kwenye kompyuta ya nani, nchi gani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na taarifa za afya za mtoto ni miongoni mwa zinazohitaji ulinzi mkubwa. Kama ni lazima picha itumwe, iombwe kituoni katika umbo lake la asili, na jina lifutwe kwanza.

Namba iliyonitia hofu

Kila mtu aliyelishika faili hili aliiogopa 31. Mimi niliiogopa 21.

Ile 31 ilikuwa na kosa, lakini kosa lake lilimleta mtoto hospitalini. Ile 21 ilipimwa kwa usahihi kabisa, kwa mkono wa mtu makini, kwenye picha isiyofaa, na ikawarudisha nyumbani. Kama mtoto yule angesimamishwa mwezi Novemba, huenda ingesomeka 25 au zaidi, na angekuwa amepewa tarehe ya kurudi badala ya kuambiwa arudi akiona mabadiliko. Picha ile pia ilikatwa juu ya nyonga. Kwa hiyo haikuonyesha ukingo wa mfupa wa nyonga, ambako hutazamwa alama ya Risser, iliyopewa jina la Joseph Risser. Ni utando wa mfupa unaoanza kujengeka upande wa nje na kwenda ndani mtoto anapokomaa, na hupewa daraja kutoka 0 hadi 5. Sifuri maana yake ukuaji mwingi bado uko mbele.

Picha ya Juni ilionyesha nyonga, ingawa shanga za kiunoni zilikuwa zimefunika sehemu ya ukingo wa kushoto. Shanga za kioo huonekana kwenye eksirei, na nyingine huangukia hapo hapo tunapotaka kutazama. Ni jambo la kumweleza msichana kwa staha, akiwa na mhudumu wa kike, kabla hajaingia chumbani, na vivyo hivyo nywele za kusuka zenye shanga au vishikizo zinazoning'inia juu ya pingili za kwanza za kifua. Upande wa kulia ulitosha: Risser 0. Mama akathibitisha kwamba binti bado hajavunja ungo.

Hapa ndipo pembe inapopata maana. Uchunguzi wa Lonstein na Carlson uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kwamba katika watoto wenye mpindo wa nyuzi 20 hadi 29 ambao Risser yao ni 0 au 1, asilimia 68 waliendelea kupinda. Kwa wenye mpindo wa ukubwa huo huo lakini Risser 2 hadi 4, ilikuwa asilimia 23. Pembe moja, hatima mbili. Hakuna mahali popote katika ripoti ya programu palipoandikwa Risser, na hata ingeandika 27 sahihi, bila Risser ingekuwa nusu ya habari.

Kabla ya kuita mpindo huu wa kawaida wa ujana, ilibidi yaondolewe mengine. Kwetu Tanzania lazima ufikirie kifua kikuu cha mgongo: pingili zinazoliwa, nafasi kati yao inayopotea, maumivu, homa za jioni, kupungua uzito. Hapakuwa na hata kimoja. Nilitafuta pingili iliyozaliwa nusu au zilizoungana, hapakuwa nazo; nikahesabu mbavu na pingili za kiuno, zilikuwa idadi ya kawaida. Programu ambayo imefundishwa kwamba kila binadamu ana pingili 17 huchanganya majina yote ikikutana na mwenye 16 au 18. Daktari wa mifupa alipima nguvu za miguu, hisia na misuli ya tumbo, vyote vikawa sawa. Mtoto alipoinama mbele viganja vikiwa vimekutana, upande wa kulia wa mbavu ulipanda, na kipimo cha mteremko kilisoma nyuzi 9. Kwa kawaida 7 hutosha kumpeleka mtoto kwa picha.

Mama aliuliza swali lake bila kuzunguka: "Daktari, niambie kweli. Niuze kiwanja au nisiuze?"

"Usiuze, mama. Upasuaji hauhitajiki kwa nyuzi 27. Lakini pia usiende nyumbani ukatulia. Mtoto anahitaji breisi, na anaihitaji sasa."

Sehemu ya pili ya jibu ilimshinda kuliko ya kwanza. Alikuwa amejiandaa kusikia ama msiba ama faraja. Nilimwambia pia kwamba hata siku upasuaji ukihitajika, mahali pa kuuliza kwanza ni hapa hapa jijini: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, inafanya upasuaji wa mgongo.

Breisi katika joto la Dar

Breisi si kitu cha kununua dukani kama mkanda wa kiuno. Mwili wa mtoto huchukuliwa umbo kwa plasta, na mtaalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi hulifinyanga gamba la plastiki linalosukuma mbavu mahali palipotoka na kuacha nafasi mahali mwili unapotakiwa kurudi. Tanzania inao wataalamu hao. Chuo cha TATCOT kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kinawafundisha, na hufundisha pia wanaotoka nchi nyingine za Afrika.

Ushahidi kwamba breisi inafanya kazi ni imara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwachukua watoto 242 wenye mpindo wa nyuzi 20 hadi 40 ambao bado wanakua. Waliovaa breisi, asilimia 72 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50. Waliotazamwa tu, asilimia 48. Ndani ya breisi waliweka kihisi cha joto kilichorekodi saa za kuvaa, na waliofikisha wastani wa saa 12.9 kwa siku au zaidi walifanikiwa kwa asilimia 90 hadi 93. Saa ndizo dawa.

Na saa ndizo ngumu. Anayeishi Temeke mwezi Februari anajua maana ya kuvaa plastiki kifuani usiku feni ikiwa imezimika. Tulikaa na binti, si na mama peke yake, tukapanga: fulana nyepesi ya pamba isiyo na mshono ndani, mbili kwa siku, ya kubadilisha ikilowa jasho, ngozi isafishwe na ikaushwe vizuri, breisi ivuliwe wakati wa kuoga na wa michezo, sare iongezwe saizi. Kazi ya sare ilirudi kwa fundi yule yule wa Tandika, ambaye alishona blauzi inayoificha breisi kabisa. Binti aliuliza kama ataweza kuendelea kucheza netiboli. Ataweza, na acheze.

Tulikubaliana pia juu ya picha. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake 5,573 waliotibiwa skoliosisi kati ya 1912 na 1965, enzi za mionzi mikali. Vifo vyao vya saratani ya matiti vilizidi vilivyotarajiwa kwa asilimia 69. Kiasi cha mionzi cha leo ni kidogo sana kulinganisha na enzi hizo, lakini funzo halijachakaa: picha ziwe chache, na kila moja ipigwe sawasawa. Msichana asimame kifua kikiielekea sahani ya picha na mgongo ukiielekea mashine, ili matiti na tezi ya shingo vipate mionzi kidogo. Kwa picha ya Novemba alilipa gharama ya mionzi na hakupata kipimo kinacholinganishika, na hilo ndilo linaloniuma katika kisa hiki.

Kwa hiyo agizo la picha iliyofuata niliandika kwa maneno kamili: amesimama bila viatu, breisi ikiwa imevuliwa, asubuhi, mgongo kuelekea mashine, kuanzia shingo hadi nyonga yote, picha zipishane na mshono uwe chini ya L2, programu itumike, picha yenye nukta iambatishwe, na pembe ipimwe T5 hadi T12 hata kama programu itachagua pingili nyingine.

Picha hiyo ilipigwa Januari. Programu ilisoma 26, mkono wangu 25. Ukilinganisha na 27 ya Juni, mpindo haujaongezeka. Siwezi kusema umepungua, kwa sababu nyuzi 1 au 2 ziko ndani ya kosa la kipimo, tena hii ilipigwa asubuhi. Urefu wa binti ulikuwa umepanda kutoka sentimita 149 hadi 153. Risser imefika 1. Karatasi anayojaza mwenyewe inaonyesha wastani wa saa 14 kwa siku, pungufu kwenye wiki za joto la Desemba. Mtaalamu wa breisi amelipanua gamba upande wa kushoto kwa sababu ya ukuaji, na picha inayofuata imepangwa mwezi Julai kwa agizo lile lile.